Mafuta ya V8 Hayana Mwenyewe

Kila bajeti ikikaribia kusomwa ubishi ni uleule. Mmoja anasema serikali iuze mashangingi yote, zile Land Cruiser V8 za wakubwa, ijenge madarasa, mwingine anamjibu kwa hiyo unataka waziri aende Ngara na kigari kidogo kama Passo, wa tatu anaingiza mambo ya chama, na ikifika hapo hakuna anayeongelea gari tena, ni kutukanana tu mpaka watu wanaenda kulala. Mimi magari nayapenda sana, na siasa za nchi yangu zinaniuma, kwa hiyo hii mada nimeibishania miaka na miaka. Naona tunagombania bati la gari wakati pesa iko kwenye tenki la mafuta.

Ngoja niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa na shughuli jirani na ukumbi mmoja hapa Dodoma, ndani kuna warsha ya siku nzima, nje zimepangwa V8 kumi na moja, nilizihesabu, nyingi namba za serikali, STK na STL, mbili DFP, za miradi ya wafadhili. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi kila aliyewahi kufika analijua. Tisa kati ya hizo zimewashwa zinaunguruma, madereva wamelaza siti wamepumzika, na chini ya kila gari maji ya kiyoyozi yanadondoka tone tone mpaka yamefanya kidimbwi, njiwa wanakuja kunywa wanaondoka. Saa nne nimepita zinaunguruma. Saa saba hivyohivyo. Saa tisa hivyohivyo. Nikamsogelea dereva mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mzee wangu, akaitika, nikamuuliza mbona huzimi gari? Akanijibu vizuri tu, "Kijana wangu, bosi akitoka akakuta ndani kuna joto, kesho naendesha trekta la halmashauri." Nikamuuliza na mafuta je? Akasema, "Yanajazwa."

Yanajazwa. Hilo jibu limenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu halina mtu ndani yake. Hakusema bosi anajaza, hakusema ofisi inajaza, hakusema mimi na wewe tunajaza. Yanajazwa tu, kama mvua inavyonyesha. Na yule mzee simlaumu hata kidogo, analinda kibarua chake, wa kulaumiwa ni aliyetengeneza utaratibu ambao kuzima injini ni kosa na kuiacha iungurume kutwa nzima ni nidhamu ya kazi.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe maana wengi wanabishana bila kulijua. Shangingi tunaloliongelea hapa kwa muda mrefu lilikuwa Land Cruiser VX ya series 100, baadaye ikaja series 200 iliyoanza kutoka 2007 mpaka 2021, hiyo ndo V8 hasa, ya dizeli ina injini ya lita 4.5 yenye turbo mbili na gari lenyewe linazidi tani mbili na nusu. Iliyokuja baada yake, series 300 ya mwaka 2021, haina V8 kabisa, dizeli yake ni V6 ya lita 3.3, ila mtaani bado tunaiita V8 kwa sababu siku hizi neno V8 linataja cheo kuliko silinda. Hata neno shangingi lenyewe lilikuwa la kumsema mwanamke mjanja wa mjini ndipo likahamia kwenye gari. Na kabla ya hapo wazee wetu walikuwa na neno lao, Wabenzi, kabila jipya la waliopata uhuru wakapanda Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi, usiwe na mishahara miwili, usiwe na hisa kwenye kampuni, usiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo hii hasira ya mwananchi akiona gari la mkubwa linampita vumbi sio wivu wa juzi, ina umri wa nchi yenyewe, na wanaoiita wivu wanakosea sana.

Gari kama gari, hiyo series 200 ni kazi nzuri mno. Ukiipanda ukatoka nayo Dodoma asubuhi, Kibaigwa, Gairo, unashuka mpaka Dumila, hujasikia shimo hata moja, ndani kimya kama upo sebuleni. Anayesema ni gari baya hajalipanda. Ubaya uko kwenye matumizi.

Juni 2022 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk Mwigulu Nchemba, alisimama Bungeni akasoma bajeti na akasema wazi kwamba serikali inatumia zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka kununua magari, kuyawekea mafuta na kuyatengeneza. Hayo hayakusemwa na mpinzani jukwaani, yalisemwa na mwenye kutunza pochi. Gawanya bilioni 500 kwa siku 365 unapata zaidi ya bilioni 1.3 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na alitoa dawa palepale, akasema watumishi wanaostahili magari wakopeshwe wanunue ya kwao, serikali ichangie mafuta na matengenezo kwa kiwango kinachojulikana, magari ya serikali yabaki kwa viongozi wachache na kazi maalum. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni siku ile. Leo huyohuyo ndiye Waziri Mkuu, na ukisimama pale barabara ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, asubuhi bado ni STK nyuma ya STK. Kwa hiyo hoja ninayoitoa hapa sio ya uchochezi wala ya chama chochote, ni ya serikali yenyewe, mimi naidai tu itekelezwe.

Kuna watu wananiambia ukiuza V8 moja unapata pesa mara moja tu, utajenga madarasa mangapi, na wako sahihi kabisa. Ndo maana sitaki kuongelea kuuza. Gari linanunuliwa siku moja ila linakunywa kila siku. Tuchukue gari moja linalotembea kilomita 60,000 kwa mwaka, kwa kazi za serikali hizo si nyingi, tuseme linakwenda kilomita 8 kwa lita, hapo nimelipendelea kwa mwendo wanaokwenda wale madereva. Ni lita 7,500. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni milioni 22.5, gari moja, mwaka mmoja, hujagusa tairi, service, spea wala posho ya dereva. Miaka kumi ni milioni 225 za mafuta peke yake, yaani ni kama unanunua gari jingine unalimwaga barabarani taratibu. Na ndani ya hizo lita humo humo yamo yale masaa ya kuunguruma nje ya ukumbi na zile safari za Jumamosi, maana nani hajawahi kuiona STK imepaki pale Majengo sokoni wanapakia viazi?

Halafu linganisha na anavyofanyiwa mwananchi. Wewe ukitaka kuagiza kagari kako Japani, kodi inakupima kwa CC, yaani ukubwa wa injini, na kwa umri wa gari. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, halafu ushuru wa bidhaa ambao injini isiyozidi CC 1000 haulipi, ukivuka hapo mpaka 2000 unalipa asilimia 5, ukizidi 2000 asilimia 10, na kama gari limevuka miaka minane unaongezewa asilimia 15, likivuka kumi asilimia 30. Mwalimu anayeagiza IST ya 2005 anakuta kodi imelingana na gari au imelipita. Unaona sera inavyosema hapo? Inasema injini kubwa ni anasa, ukiitaka uilipie zaidi. Mimi hiyo sera naiunga mkono kabisa. Sasa mbona kanuni ya anasa ni CC 2000 kwa mwalimu, alafu kwa mkurugenzi CC 4500 inageuka kuwa kitendea kazi?

Na kwenye mafuta ni vilevile. 2017 walifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile road license, wakaihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita, na sababu ilikuwa ya haki, anayetembea sana alipe sana. 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Bodaboda analipa hiyo, mwenye bajaji analipa, mama anayesafirisha nyanya kutoka Ilula analipa kwenye nauli na kwenye mzigo, na mwaka 2022 bei zilipopaa ikabidi Rais Samia atoe ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kupoza. Wote hao wakisikia EWURA, wadhibiti wa nishati, wametangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi wanabadilisha maisha, wanaacha gari nyumbani, wanapanda mwendokasi. Mtu mmoja tu nchi hii bei ikipanda hashtuki, anayetembelea gari ambalo mafuta yanajazwa. Na ndo huyohuyo anayekaa kwenye vikao vya kupanga tozo! Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa yenyewe, kwamba tumemtengenezea mtunga sera maisha ambayo sera yake haimfikii.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni barabara. Watu wanasema nchi hii kubwa, kuna Malinyi, kuna Ludewa, kuna Loliondo, masika ukienda na gari dogo unalala njiani. Kweli tupu, na mimi kwa afisa wa huko natetea Land Cruiser kwa nguvu zangu zote, ila Land Cruiser inayotakiwa huko ni mkonga, hardtop ya series 70, injini ya 1HZ silinda sita lita 4.2 isiyo na turbo, fundi wa kijijini anaifungua na spana za kawaida na spea zipo kila mji. V8 yenye mifumo ya umeme kila kona ikizima porini Kilombero inavutwa mpaka mjini. Ajabu ni kwamba ukienda wilaya zenye matope ndo unakuta mkonga uliochoka wa mwaka elfu moja mia tisa na kitu, halafu V8 mpya unazikuta zinazunguka kati ya Mtumba, Area D na uwanja wa ndege kwenye lami tupu. Kama sababu ni barabara mbovu basi magari yangefuata barabara mbovu.

Ya pili ni hadhi. Kwamba kiongozi anabeba sura ya nchi. Sikatai, Rais, Makamu, Waziri Mkuu, Spika, Jaji Mkuu, hao sina ubishi nao hata nukta. Lakini hadhi imeteremka ngazi mpaka imefika kwa mkuu wa kitengo na meneja wa mradi wa miaka mitatu, na kila anayeteuliwa swali la kwanza ni gari gani. Tumefika mahali mtumishi akishuka kwenye Rav4 ya ofisi anaonekana ameshushwa cheo. Hayo mazoea tumeyajenga wenyewe, na sisi wananchi tumo, maana harusini tunampisha mwenye V8 mbele na aliyekuja na bajaji tunamuuliza kadi.

Ya tatu ni usalama, na hapa nitaongea kwa heshima maana tumezika watu. Agosti 2018 gari la aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Dk Hamisi Kigwangalla, lilipata ajali mkoani Manyara, yeye akaumia na afisa habari wa wizara akafariki. Aprili 2025 tukampoteza Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Gissima Nyamo-Hanga, pamoja na dereva wake, ajali ya barabarani huko Bunda. Hakuna gari linaloshinda mwendo na masaa. Gari la tani mbili na nusu lililo juu likiwa kwenye kasi ni gumu kulisimamisha na ni jepesi kupinduka, na kinachowaua watu wetu ni hizi safari za leo Dodoma kesho Mwanza keshokutwa Dar, dereva kalala masaa manne. Mimi nikiwa kwenye basi pale Gairo nimeshazoea kuona taa za hazadi nyuma, V8 inakuja inapita kwenye mstari usioruhusiwa, askari mwenye tochi ya kupimia mwendo yupo pale pale anaiangalia inapita kijijini kwenye 50 halafu anamsimamisha mwenye Probox. Anayependa usalama wa kiongozi amtoe barabarani, asimuongezee silinda.

Na kumtoa barabarani kwa sasa inawezekana, hii ndo sehemu inayonipa moyo. Tangu Julai 2024 tuna SGR, reli ya kisasa ya treni za umeme, kati ya Dar na Dodoma, kilomita zaidi ya 440, masaa matatu na nusu hivi, tumeijenga kwa pesa yetu na madeni yetu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ilikuwa 31,000. Piga hesabu ya bosi mmoja na dereva wake, kwenda tu kwa V8 ni kama lita 56, yaani 168,000, kwenda na kurudi 336,000, hapo posho ya kulala ya dereva sijaiweka. Kwa treni kwenda na kurudi 62,000. Hata wakienda maafisa wanne ni 248,000, bado treni ni rahisi, na njiani wanasoma makabrasha yao. Akifika stesheni ya Dar akute gari dogo la ofisi limsubiri. Nimepanda ile treni mara nyingi, na wabunge na maafisa nimewaona humo, kuna ambao wameshaamua wenyewe bila kulazimishwa na nawapongeza kutoka moyoni. Ila nimeshuhudia pia bosi anashuka kwenye treni Dodoma na V8 yake imetoka Dar tupu usiku kucha na dereva ili ije impokee. Hapo tumelipa mara mbili.

Wenzetu walishajaribu na tuna la kujifunza. Kenya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza mawaziri warudishe magari makubwa watumie yasiyozidi CC 1800, zikanunuliwa Passat. Wapo waliokubali, wapo waliong'ang'ania, na baada ya miaka michache magari makubwa yakarudi barabarani kama hakuna kilichotokea. Rwanda miaka hiyohiyo ya 2000 walikwenda njia tofauti, wakakusanya magari ya serikali wakayapiga mnada, afisa akasaidiwa kununua gari lake kwa kuchangia yeye na serikali. Kenya ilibadilisha modeli ya gari, Rwanda ilibadilisha mwenye gari. Gari likiwa lako, tairi zako, spea zako, unalizima hata ukisubiri dakika kumi, unakwenda nalo taratibu kwenye matuta, na Jumamosi ukienda sokoni hakuna anayekuuliza kwa sababu mafuta umeweka mwenyewe. Ndo maana nasema ule mpango wa Juni 2022 ulikuwa mpango sahihi kuliko kelele zetu zote za uza uza.

Wakati unasubiri kutekelezwa kuna jambo linawezekana kesho asubuhi bila sheria mpya. Kila gari la serikali lina daftari la safari, dereva anaandika kilomita, anaandika lita, anaandika anakwenda wapi. Mafuta mengi yanatolewa kwa utaratibu wa serikali kupitia GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, na matengenezo yanapitia TEMESA, wakala wa ufundi na umeme, kwa hiyo takwimu zipo. Zitolewe hadharani kila robo mwaka, namba ya gari, ofisi, kilomita, lita. Magari ya ulinzi na usalama yaachwe, hayo naelewa. Tusisubiri CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, atuambie mwezi wa nne mambo ya mwaka uliopita. Meneja akijua namba ya gari lake itasomwa na majirani zake ataanza kumwambia dereva zima gari tukifika.

Na nikiongelea hilo daftari namkumbuka shangazi yangu. Alizidiwa usiku kijijini kwetu, zahanati wakaandika rufaa kwenda wilayani. Gari la wagonjwa lilikuwepo, mkonga, tairi nzima, dereva yupo kavaa koti yuko tayari, tatizo mafuta. Mgao wa mwezi umeisha. Tukaanza kupigiana simu saa sita usiku, huyu katuma 10,000, huyu 5,000, binamu mmoja aliyeko Kahama katuma 20,000, mpaka ikafika 60,000, akaamshwa kijana anayeuza mafuta kwenye madumu, tukaondoka karibu saa tisa. Shangazi alipona, namshukuru Mungu. Aliyekaa mbele na dereva kwenye gari ni mimi, na kabla hajawasha dereva alitoa daftari lake chini ya siti, akawasha taa ya ndani, akajaza kama anavyotakiwa kujaza kila safari. Lita 18. Kwenye sehemu ya yametoka wapi akaandika, ndugu wa mgonjwa.